Maganda ya Lyle

Twyla Rustad aliingia dukani kwa Gus Petrik mara ya tatu wiki ile, na safari hii hata kofia hakuvua. Alisimama mbele ya meza ya vioo akihamisha uzito mguu huu, mguu ule, kama farasi anayesumbuliwa na nzi.

"Nionyeshe tena ile ya moto," alisema.

Gus alikuwa anakata soseji kwa kisu cha mfukoni. Alimtazama, akatafuna kwanza, akameza.

"Binti wa Orval, hiyo mashine umeitazama mpaka imeanza kuona haya. Posa basi tujue moja."

"Nionyeshe tu."

Aliitoa chini ya meza akaiweka juu ya gazeti. Ilikuwa kitu cha kawaida ukikitazama: sahani nene ya chuma yenye matundu pembezoni, imesimama wima, ikizungushwa polepole na mota ndogo. Unapanga maganda ya risasi juu, kwenye mtelemko, ganda linaingia lenyewe tunduni, linapelekwa mbele ya moto wa gesi likizungukazunguka, shingo yake inapata joto, kisha linadondoka kwenye bakuli. Mwendo unaupanga wewe kwa swichi. Ukienda mbio, shaba haijalainika. Ukichelewa, umeiua.

Kando yake Gus akaweka ile nyingine, boksi jeusi lisilo hata jina la aliyelitengeneza, mbele lina koili, waya mnene kama kidole uliozungushwa duara duara. Hiyo haikuwa na moto. Ganda linaingizwa ndani ya koili, umeme unalipasha kwa sekunde ulizochagua, basi, inajizima. Bei za hizo mbili zilikaribiana. Ya tatu, ile kubwa inayojipimia kila kitu yenyewe, Gus hakujisumbua hata kuishusha.

"Ile ya juu ni ya watu wanaolenga kopo lililoko wilaya nyingine," alisema. "Mzee wako anataka mnyama mmoja tu. Chukua ya koili. Niletee ganda moja bovu, nitakupangia sekunde hapahapa, nikuandikie kwa kalamu juu ya boksi. Hata kipofu anaiendesha."

Mkono wa Twyla uliokuwa unachezea ukingo wa sahani ulitulia.

"Na ya moto?"

"Ya moto inataka jicho. Lazima mtu aione rangi, aseme sasa. Lakini kwa Orval hilo si neno, yeye ameijua rangi hiyo kabla mimi sijaota ndevu."

"Nitachukua ya moto," alisema Twyla.

Alisema upesi, kama mtu anayekimbia mvua, na alipokuwa anaibeba kwenda kwenye pikapu moyo ulikuwa unamwambia arudi. Aliwasha gari. Akazima. Akawasha tena akaondoka, maana kurudi mara ya nne angepata jina mjini.

Sababu ya hangaiko lote hilo ilikuwa boksi moja la kijani lililokaa kwenye rafu ya baba yake. Ndani yake mlikuwa na maganda yaliyobaki ya bunduki ya Lyle. Lyle alikuwa mdogo wake Orval, fundi bunduki, na kabla hajafa alimtengenezea kaka yake bunduki kwa vipimo vyake mwenyewe, vipimo ambavyo hakuna kiwanda kinachovijua. Maganda yake Lyle aliyafinyanga mwenyewe kutoka maganda mengine, kwa vyombo ambavyo viliungua pamoja na karakana yake. Kwa hiyo yale ya boksini ndiyo yaliyokuwepo duniani. Orval aliyajaza upya mwaka hadi mwaka, fataki mpya, baruti mpya, kichwa kipya, na kila baada ya muda aliyapasha shingo ili shaba isikakamae ikapasuka.

Mwaka huu yalikuwa yamepasuka baadhi. Na mwaka huu ndio kibali cha kuwinda kilikuwa kimetoka.

Orval alikuwa ametia jina lake kwenye bahati nasibu ya vibali vya kuwinda elki dume, kulungu wakubwa wa makorongo ya Mto Missouri, tangu Twyla yuko shule. Kila mwaka aliambiwa pole. Barua ya kumwambia amepata ilipofika aliibandika mlangoni mwa friji, na jirani aliyekuja kuazima hata nyundo alipelekwa kwanza kwenye friji. Msimu wa bunduki ulikuwa unafunguliwa mwezi ujao. Alisema atampiga dume huyo kwa bunduki ya Lyle au hatampiga kabisa.

Maganda yale yalipopasuka, Orval alilaumu shaba. Imezeeka, alisema. Lakini Twyla alikuwa amemwona akimimina kahawa pembeni ya kikombe, akifuta meza upesi kabla hajaulizwa. Alimwona ameacha kusoma bei za ng'ombe gazetini, akidai zinamtia hasira. Alimwona akigonga nguzo ya geti kwa kioo cha gari, geti lililokuwa pale tangu babu, kisha akasema mtu amelihamisha. Twyla aliyaona yote hayo akayanyamazia. Badala ya kuuliza, akaanza kutafuta mashine. Kazini kwake kwenye maghala ya ngano alipima malori huku simu iko mapajani, akisoma watu wasiojuana wakibishana kuhusu moto na koili. Usingizi wake ulikuwa wa kushtukashtuka. Kununua ya koili kungekuwa sawa na kumwambia mzee, macho yako yamekwisha. Kununua ya moto kulikuwa ni kusema, wewe bado ndiwe unayeijua rangi. Alitaka liwe kweli hilo la pili.

Orval alikuwa bandani, redio inanong'ona habari za hali ya hewa. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo mabegani, amevaa kanda za kushikia suruali juu ya shati la mirabamiraba. Twyla alipoweka mashine juu ya meza, mzee aliizunguka mara mbili akiigusa.

"Umeniletea kitu cha kuchomea mahindi?"

"Ya kupashia maganda, Baba."

"Mimi ninayo ya kupashia." Aliinua drili yake kuukuu. Njia yake ilikuwa hiyo: ganda mdomoni mwa drili, drili inazungusha, mkono mwingine umeshika mtungi wa gesi, jicho linangoja.

"Mkono wako unachoka. Hii haichoki."

"Mkono wangu umekulalamikia?" Lakini tayari alikuwa ameinama anaikagua sahani, kidole chake kinapita kwenye matundu. "Mh. Si ya kipumbavu. Afadhali hukuniletea lile dude la umeme la Gus. Lile ni la kupashia supu."

Moyo wa Twyla ulipanda kidogo. Akavua kofia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Walifunga mtungi wa gesi, Orval akiupanga umbali wake kwa upana wa vidole, akisikiliza mvumo wa moto, akiusogeza mpaka mvumo ukawa mwembamba alivyotaka. Hapo hakukosea hata kidogo. Alikumbusha, kama kawaida yake, kwamba moto uguse shingo tu, kitako kibaki kigumu, maana kitako kikilainika bunduki itakupasukia usoni na hakuna daktari atakayekurudishia pua. Kisha akachukua kopo la maganda yaliyokwisha kupasuka, aliyokuwa anayaita marehemu. Majaribio hufanywa kwa marehemu. Wazima hungoja.

Mlango wa banda ulikuwa wazi kwa ajili ya harufu ya gesi, na jua la alasiri lilikuwa limelala sakafuni. Ganda la kwanza likapita motoni, likadondoka, ti.

"Umeona kitu?" aliuliza Orval.

"Hapana," alisema Twyla, na ilikuwa kweli.

"Wala huwezi. Juani shaba haisemi. Ukingoja mpaka uione nyekundu mchana, umeshaipika. Watu wengi wameharibu boksi zima hivyohivyo, kisha wanaandika barua kumtukana mwenye kiwanda." Alionekana kufurahi. "Ziba dirisha."

Twyla alikimbilia blanketi za farasi. Alitundika moja dirishani, akafunga mlango, akaacha uwazi kidogo chini upepo upite, akaziba nyufa kwa magunia. Alifanya haraka haraka, akijikwaa kwenye ndoo. Alijisikia kama mtu aliyekuwa anaumwa na sasa ameambiwa si chochote, ni mwanga tu. Ni mwanga tu. Baba alikuwa sahihi. Nani angeona juani?

Banda likawa giza kama ndani ya kibuyu. Moto ulibaki peke yake, mwiba wa bluu.

Ganda la pili likaingia. Twyla alilitazama likizunguka. Mwanzoni halikuwa na kitu, kisha mdomo wake ukawa na wekundu hafifu, wa kaa lililo chini ya majivu, ndiyo hasa rangi aliyofundishwa akiwa mdogo, akiwa amesimama juu ya kreti pembeni ya baba yake. Akangoja mzee aseme sasa.

"Bado," alisema Orval. Akazungusha swichi, sahani ikapunguza mwendo.

Twyla alifungua mdomo akaufunga.

Ganda jingine. Wekundu ulikuja, ukapanda, ukawa mkali.

"Bado. Hii mota ina haraka sana."

Ganda jingine tena, na sasa mdomo ulikuwa wa chungwa kabisa, unamulika vidole vya mzee vilivyokuwa kwenye swichi, na hata moto wenyewe ukabadilika ncha ukawa wa chungwa, shaba inaungua ndani yake. Twyla aliiona sura ya baba yake kwenye mwanga huo. Alikuwa amekunja uso, amesogea karibu mno, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayejaribu kusikia mazungumzo ya chumba cha pili.

"Bado kidogo," alisema mzee.

Twyla alikwenda mpaka mlangoni akarudi. Alishika koleo, akaliweka chini, akalishika tena. Kopo la marehemu lilikuwa limekwisha. Alisikia mkono wa baba yake ukipapasa juu ya rafu, ukipita juu ya kopo la misumari, juu ya redio, ukatua kwenye boksi la kijani.

Kifuniko kikafunguka. Mzee akatoa ganda moja zima la Lyle, akalielekeza kwenye mtelemko.

"Baba, zima gesi."

"Kuna nini?"

"Zima kwanza."

Alizima. Twyla alivuta blanketi dirishani, mwanga ukaingia wote kwa mpigo, mzee akafumba macho. Twyla akachukua ganda la mwisho bakulini, akalipuliza, akalitia mkononi mwa baba yake pamoja na koleo.

"Bana shingo."

Hilo nalo alikuwa amefundishwa juu ya kreti. Shaba iliyopashwa vizuri ukiibana kidogo kwa koleo inarudi yenyewe ikawa duara. Orval alibana, akaachia, akapitisha kidole gumba. Shingo ilibaki imelala bapa kama unyasi uliokanyagwa. Akaweka koleo pembeni. Akabana kwa vidole vitupu, na ganda likafuata vidole, laini, bila ubishi.

"Imepikwa," alisema.

"Ndiyo."

"Yote haya?"

"La kwanza la gizani lilikuwa tayari pale uliposema bado. Yaliyofuata yote yamekufa mara ya pili."

Orval alijiinua, sauti ikapanda nusu. "Basi ndiyo hiyo mashine yako. Umenunua cha rahisi, umepata cha rahisi. Gus amekuona unakuja."

"Mashine haina kosa, Baba."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu niliona rangi." Twyla hakuweza kusimama mahali pamoja, alikuwa anatembea kutoka mezani hadi mlangoni, na maneno yalikuwa yanatoka kipande kipande kila anapogeuka. "Niliiona ikiwa kaa. Nikaiona ikiwa kiini cha yai. Nikaiona ikiwa chungwa inakumulika kidevu."

"Ukakaa kimya."

"Wewe ulisema bado."

Mzee aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Redio ikasema theluji ya kwanza huenda ikaanguka milimani wiki ile. Alinyoosha mkono akaizima.

"Mimi nimeona ukungu," alisema baadaye. "Moto nauona kama unavyoona taa ya mtu anayekuja na vumbi. Mwaka jana sikutumia macho. Nilihesabu kichwani, kama watoto wanavyohesabu wakicheza mafichoni." Alilizungusha ganda lililokufa mkononi. "Na hayakuwa na ubaya, yale ya mwaka jana."

"Yamepasuka, Baba."

"Baadhi."

Orval aliliweka ganda chini.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu geti lilipohama."

Pua ya Orval ilitoa pumzi fupi, karibu icheke, isicheke. "Geti kichwa ngumu lile."

Twyla alifika mezani akasimama, mara hii akasimama kweli. Kuna swali alilokuwa analikimbia wiki zote zile, dukani, kazini, kitandani.

"Kule kwenye makorongo," alisema, "ukiona kitu kinatembea kwenye misonobari, utajuaje ni elki na si mtu?"

"Watu wanavaa rangi ya chungwa. Ni sheria. Kila mtu huko porini anang'aa kama trafiki."

"Chungwa ilikuwa mbele ya pua yako sasa hivi, Baba. Inawaka, gizani. Umesema bado."

Nje mbwa alibweka mara moja akaghairi. Orval alibaki anatazama mahali mashine ilipo, au anapojua ilipo, na Twyla aliona uso wake ukizeeka kidogo, hapo hapo, kama karatasi inayokunjwa. Alitamani aseme jambo la kulainisha. Hakulipata, na alijua likipatikana mzee atalishika na kuegemea, kisha wote wawili watarudi walikotoka. Alikuwa anafikiria lile boksi jeusi la koili pale kwa Gus. Angelinunua, wangekuwa wamekwisha kupasha maganda yote saa hizi, safi kabisa, sekunde zimeandikwa juu kwa kalamu, na mzee angeondoka mwezi ujao na risasi nzuri mfukoni asijue na asijulikane.

Mwishowe Orval alisimama, akapapasa boksi la kijani, akalisogeza katikati ya meza.

"Rudisha blanketi," alisema.

"Baba."

"Maganda hayajui kama nakwenda au siendi. Ni ya Lyle. Sitayaacha yapasuke kwa sababu mimi ni mkaidi. Utasema rangi wewe. Mimi nitashughulika na moto."

Twyla aliziba dirisha. Hawakuwa na marehemu wa kujaribia, ila yule mmoja aliyepita juani kabla ya mambo kuharibika. Walimrudisha huyo. Mzee akawasha gesi, akasikiliza, akasogeza mtungi unywele mmoja. Twyla akaongeza mwendo wa sahani. Wekundu ulipochomoza akasema, "Sasa," lakini ganda likachelewa kudondoka. Akaongeza kidogo tena, wakalipitisha likiwa limepoa. "Sasa," alisema, na ganda likadondoka palepale, ti. Orval alibana kwa koleo, akaachia, akagusa. Shingo ilikuwa imerudi.

"Hiyo ndiyo," alisema. Halafu, kama anayeuliza habari ya jirani: "Yule daktari wa macho wa mjini Billings. Mama yako alikuwa na namba yake mahali."

"Ninayo kwenye simu."

"Tangu lini?"

"Asubuhi nimepiga nikakata. Na jana."

"Unampigia mtu simu unamkatia? Nani alikulea wewe?"

"Fulani."

"Wanasema kama ni mtoto wa jicho, wanamtoa tu, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Harvey wa jirani alitolewa, siku hizi analalamika mkewe amezeeka." Akafuta koleo kwa shati. "Wanaweza kabla ya msimu?"

"Sijui."

"Na wasipoweza?"

Kibali kile hakiazimwi, hakirithishwi, hakingoji mwaka mwingine. Wote wawili walilijua hilo kama wanavyojua majina yao.

"Kitaisha na msimu," alisema Twyla.

Orval aliitikia kwa kichwa polepole. Mkono wake ulikuwa ndani ya boksi la kijani, unayagusa maganda moja moja, lakini hakutoa hata moja.

"Basi kitaisha," alisema. "Piga."

Twyla akapiga. Ilipoanza kulia akaona hawezi, simu sikioni na macho motoni, lazima kimoja kiteleze. Akampa baba yake simu. Mzee aliishika mbali kidogo na sikio, kama kitu kinachoweza kuuma, huku mkono wa pili ukianza kupanga maganda ya Lyle kwenye mtelemko, moja nyuma ya jingine, kwa kugusa. Muziki wa kungojea ukatoka simuni, mwembamba, gizani.

Ganda la kwanza likaingia motoni. Twyla alisogea, mikono imekaza ukingo wa meza, hapepesi macho.

"Eeh, habari ya alasiri," alisema Orval simuni. "Rustad. Orval. Hapana, mama, si miwani. Miwani ninayo, haina kazi." Akasikiliza. "Lini? Mbali hiyo, mama. Sikiliza, nina kibali cha elki dume. Cha makorongo. Ndiyo, cha bahati nasibu. Mumeo naye anakiomba? Miaka mingapi? Basi unanielewa."

Mdomo wa ganda ukaanza kuiva, hafifu, wa kaa chini ya majivu.

"Nangoja," alisema Orval kwenye simu. "Nimezoea."

"Sasa," alisema Twyla.